Daftari la Siku za Kawaida: Namna ya Kuliandika, na la Kufanya Likitimiza Mwaka

Maganzo siku ya jiwe la almasi haisahauliki. Muulize mkazi yeyote wa hapa kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, atakutajia nani aliokota, nani alidhulumiwa bei, nani alijenga nyumba na nani alimaliza zote kwa wiki moja. Mwaka 1947 mgodi jirani wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Dakta John Williamson, Mkanada aliyegundua mgodi huo mwaka 1940, alimpa Elizabeth wa Uingereza, wakati huo bado binti mfalme, iwe zawadi ya harusi yake. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Uzito wa jiwe lile unajulikana hadi nukta. Sasa jaribu kuuliza kama mwaka uleule mvua za kupandia ziliwahi au zilichelewa, mtama uliuzwaje, na watoto walikuwa wanacheza mchezo gani jioni. Utazunguka mitaa yote.

Siku zisizo na jiwe ndizo nyingi, na ndizo tunazoishi. Daftari langu la siku hizo limetimiza mwaka mwingine, na kwa kuadhimisha hilo nimeona heri nikueleze namna ya kuwa na lako. Huhitaji elimu kubwa wala uandishi wa kupambwa. Unahitaji biro, dakika chache kila jioni, na uvumilivu wa kuandika hata pale unapodhani hakuna la kuandika.

Kwa nini ujisumbue

Kwanza, kwa faida ya nyumba yako. Sisi wa wilaya ya Kishapu tunapanda pamba na mtama kwa mvua za Novemba na Desemba, na kila mtu anajua jua linavyoweza kukatiza Januari au Februari mimea ikiwa bado michanga. Mwaka unaofuata tunabishana: ziliwahi, hazikuwahi, tulipanda kabla ya Krismasi, tulipanda baada. Mwenye daftari hufungua ukurasa, ubishi ukaisha. Ni hivyohivyo kwa siku mtoto alipoanza kukohoa, kwa deni la dawa za pamba, na kwa tarehe ng'ombe alipopandwa.

Pili, mambo hutoweka bila kuaga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019. Kabla ya siku hiyo mandazi, dagaa, chumvi na nyanya zote zilifungwa humo, na upepo wa kiangazi ulijaza miiba ya uzio mifuko myeusi na ya bluu. Mtoto anayeanza shule leo hajawahi kuuona uzio wa namna hiyo. Mwaka 2009 mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulizinduliwa kwa ajili ya Shinyanga na Kahama. Ni familia ngapi zilizoandika mahali umbali waliokuwa wakitembea kwenda lamboni kabla ya bomba kuwafikia?

Tatu, kuna mfano wa mtu wa kanda yetu wa kuigwa. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hakikutoka mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Hakuna vita kubwa humo. Kuna kilimo, posa, ugonjwa na tiba, pombe ya ndizi inavyotengenezwa hatua kwa hatua. Leo anayetaka kujua Wakerewe wa zamani waliishije anakimbilia hapo, kwa sababu mzee yule aliona kuwa mambo ya kila siku yanastahili wino.

KISANDUKU: Vifaa

- Kaunta buku lenye jalada gumu, la kwaya mbili au tatu. Madaftari membamba ya shule huchanika, na watoto huyapenda mno.
- Biro ya kawaida, nyeusi au bluu. Kabla ya kuanza andika mstari mmoja kwenye karatasi nyingine, acha ukauke, kisha udondoshee maji. Wino ukitawanyika, hiyo biro ni ya kuandikia risiti tu.
- Kalamu ya risasi ya kutembea nayo shambani au gulioni.
- Kopo la maziwa ya unga au ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa na kukaushwa vizuri, yenye mfuniko unaobana. Usiweke daftari sakafuni wala kuliegemeza ukutani. Mchwa wa huku wanamaliza kitabu kuanzia katikati, na nje wanakuachia jalada zima ukadhani bado unacho.

Simu isaidie, isiwe ghala. Piga picha kurasa zako kila mwisho wa mwezi, mtumie ndugu mmoja unayemwamini aliye mji mwingine. Lakini ukiandika kwenye simu peke yake, siku ikiibwa au ikitumbukia kwenye ndoo umepoteza yote.

Hatua za kila siku

1. Chagua saa moja na uishikilie. Kwa wengi wetu ni baada ya chakula cha jioni, kabla miili haijalegea. Mama lishe anaweza kuona saa nane mchana ni bora, wateja wakipungua. Saa yoyote inafaa mradi isibadilike, maana mkono huzoea.

2. Andika tarehe kamili, siku ya juma, na mahali ulipo. Usiandike "jana" wala "juzi". Baada ya miaka mitatu hakuna atakayejua jana ilikuwa lini.

3. Andika hali ya hewa kwa ulichokiona. "Wingu zito upande wa Mwanza asubuhi, saa saba limetawanyika, hakuna tone" inatosha. Mvua ikinyesha, andika ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, na kama maji yalitembea barabarani au yalinyweka palepale. Ukiweza, tega kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na paa na mti, kisha pima kina cha maji kwa rula ya shule. Milimita moja kwenye kopo hilo ni milimita moja ya mvua.

4. Andika bei ya kitu kimoja ulichokinunua au kukiuza, pamoja na kipimo chake. Bei bila kipimo haina maana: ni debe, kisado, fungu au kilo? Kumbuka mapema mwaka 2024 sukari ilipoadimika. Aliyeandika bei yake wiki kwa wiki anaweza kuonyesha ilivyopanda na ilivyoshuka, wengine tunabaki na "ilikuwa ghali sana".

5. Andika neno moja ulilolisikia, kama lilivyotamkwa. Likiwa la Kisukuma, liache katika Kisukuma. Bibi akikusalimia "mwangaluka", usiandike "alinisalimia asubuhi". Majina ya mboga, ya majani, ya aina za viazi na ya rangi za ng'ombe ndiyo yanayopotea haraka kuliko yote, kwa sababu vijana tunaridhika na "mchicha", "majani" na "ng'ombe mwekundu".

6. Mwisho, andika wazo moja lililopita kichwani. Hili ndilo moyo wa daftari, na linahitaji maelezo zaidi.

Namna ya kukamata wazo linalopita

Wazo la kila siku ni dogo na lina haraka. Linakujia ukiwa unasubiri bodaboda, unachambua choroko, au unasikiliza mashine ya kusaga ikikata. Ukilipeleka moja kwa moja kwenye funzo, linakufa. Kwa hiyo andika kwanza kilicholileta, yaani ulichokiona, ulichokisikia au ulichokishika. Swali lifuate. Jibu likija, sawa. Lisipokuja, acha swali likae hapo. Baadhi ya maswali yangu yalijibiwa miezi mingi baadaye na mtu ambaye sikumuuliza.

Nikuonyeshe mawili kutoka kwenye kurasa zangu.

La kwanza: "Dalali kanionyesha jiwe dogo mbele ya duka. Kalitoa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nyingi, kama ile ya kufungia dawa. Nilidhani ataligeuzia jua ling'ae. Kafanya kinyume: kalipa jua mgongo, kalitazamia kwenye kivuli chake mwenyewe, karatasi nyeupe ikiwa chini. Nikamuuliza. Akasema jua linadanganya rangi, kila kitu kinapendeza juani." Tangu hapo nimeanza kuangalia vitu vingine kivulini, hata kitambaa cha dukani na mahindi ya mbegu, na nimeona mambo.

La pili: "Mama anayeuza michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) anapima kwa kisado kilekile kwa wote. Lakini nyongeza yake si moja. Mtu mzima anaongezewa kwa vidole. Mtoto aliyetumwa anaongezewa kiganja kizima, na vipande viwili vya kutafuna njiani anapewa mkononi, nje ya mfuko. Je, ni huruma, au anajua mtoto huyo ndiye atakayetumwa tena kesho na atachagua mwenyewe aende kwa nani?" Sijapata jibu. Nadhani ni vyote viwili, na sioni ubaya wowote.

Hakuna kati ya hayo mawili ambalo lingetajwa kwenye kikao. Ndiyo maana yanahitaji daftari.

KISANDUKU: Siku ileile, imeandikwa mara mbili

Isiyosaidia: "Leo siku ilikuwa nzuri. Nimeenda mnadani. Tunamshukuru Mungu."

Inayosaidia (baada ya tarehe kamili): "Ijumaa, Maganzo. Jua kali, upepo wa vumbi kuanzia saa sita. Mnadani mbuzi wengi, wanunuzi wachache; mzee mmoja anasema watu wanauza walipe ada. Shemeji amefungua ngitili yake mapema kuliko mwaka jana, malisho ya nje yamekwisha. Watoto wanatengeneza magari ya vifuniko vya soda. Kwa nini wote wanayaita Scania?"

Shukrani kwa Mungu iandike, haina ubaya. Iandike pamoja na ulichoshukuria. Na kuhusu ngitili, usione ni jambo la kawaida mno: zile sehemu za malisho tunazozifunga wakati wa masika na kuzifungua kiangazi zilikuwa zimebaki chache kabla ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuanza mwaka 1986 kuwahimiza watu kuzirudisha. Tarehe ya kuifungua yako, ikiandikwa mwaka hadi mwaka, inakuambia kiangazi kinavyokwenda.

TAHADHARI: Yasiyoandikwa

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu tunaishi mahali ambapo karatasi inaweza kumletea mtu balaa.

- Usiandike nani amepata jiwe, wapi, au ameliuza kwa kiasi gani. Iwe dhahabu kule Geita au almasi hapa, sheria ni moja. Daftari likianguka mikononi mwa mwizi, umemchorea ramani ya nyumba ya mwenzako. Vilevile usiandike habari za watu wanaoingia usiku kwenye eneo la mgodi. Hata ukiandika kwa nia njema, watu wanaweza kuumia.
- Usiandike hata siku moja tuhuma za uchawi. Kanda yetu imezika akina bibi wasio na hatia kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua na moshi wa jikoni kwa maisha yao yote. Neno lililosemwa kwa hasira kisimani linaweza kusahaulika. Likiandikwa kwa jina na tarehe, mtu mpumbavu atalishika kama ushahidi. Ukisikia tuhuma za namna hiyo, mpelekee habari mtendaji wa kijiji au polisi ili bibi alindwe, na jina lake usilitie daftarini.
- Magonjwa ya watu, ndoa za watu na madeni ya watu yaache kwa wenyewe. Ukihitaji kumtaja mtu, tumia herufi moja au kazi yake: "fundi baiskeli", "mama wa nyumba ya pili".
- Namba ya siri ya simu au benki, kamwe.

Makosa yanayoua daftari

Kosa kubwa ni kuandika sana wiki ya kwanza. Mtu anajaza kurasa nne usiku mmoja, siku ya tano amechoka, siku ya kumi kaunta buku limegeuka daftari la mikopo ya duka. Jiwekee mpaka wa nusu ukurasa. Ukiwa na mengi, yaache yakusukume kesho.

Kosa la pili ni kurekebisha ukurasa wa zamani. Ulichoamini siku ile kiache. Ukigundua si kweli, andika pembeni kwa kalamu ya risasi pamoja na tarehe ya leo. Usichane. Karatasi moja ikichanwa kwenye kaunta buku, mwenzake wa upande wa pili hulegea na kutoka.

Halafu kuna kuruka siku kwa kisingizio kwamba hakuna kilichotokea. Andika hivyohivyo: "Hakuna kilichotokea," kisha taja ulichokula. Usiku wa ugali wa mtama na nsansa (mboga za majani yaliyokaushwa) ni habari, hasa kwa mjukuu atakayekulia Dar es Salaam.

Kuwauliza wazee

Daftari lako litaanza leo, lakini si lazima habari zake zianzie leo. Wazee wengi hawahesabu kwa miaka, nao ukiwauliza "mwaka 1970 mliishije" utapata jibu la jumla. Tumia matukio kama vigingi.

KISANDUKU: Vigingi vya kumbukumbu

- Uhuru, Desemba 9, 1961
- Kuhamia vijijini, 1974
- Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979
- Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996
- Mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998
- Kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, 1999
- Mwadui FC kupanda Ligi Kuu, 2015
- Bwawa la tope la mgodi wa Mwadui kubomoka, Novemba 7, 2022

Nenda asubuhi au jioni, si mchana wa kazi. Salimia kwanza, shikamoo yako iitikiwe, uulizie ng'ombe na wajukuu. Usitoe daftari kabla hujakaribishwa kiti. Kisha: "Babu, MV Bukoba ilipozama ulikuwa wapi?" Atakuambia. Ukishampata mahali hapo, uliza mambo madogo ya siku hiyo: alikuwa amevaa nini, habari alizisikia kwa redio ya nani, nyumbani walipika nini, nauli ya kwenda Mwanza ilikuwa kiasi gani. Mlango ukifunguka, hutalazimika kuuliza mengi. Kwa tukio la tope uwe mwangalifu zaidi. Watu wa Ng'wang'holo na jirani zake waliingiliwa na tope majumbani na mashambani. Kwa baadhi yao hicho si kigingi cha mazungumzo, ni kidonda. Wakinyamaza, funga daftari mnywe chai.

Msomee mzee ulichoandika kabla ya kuondoka. Atakusahihisha majina, na atafurahi kuona maneno yake yamepewa nafasi.

Daftari likitimiza mwaka

Watu wengi hufika siku hii wakanunua daftari jipya wakaendelea, la zamani wakalitupa kabatini. Hapo umelima ukaacha kuvuna. Tenga alasiri moja, Jumapili inafaa, ufanye haya:

1. Soma mwanzo hadi mwisho bila kalamu mkononi. Utashangaa, utacheka, kuna ukurasa utakaokuumiza. Usirekebishe kitu.

2. Soma mara ya pili na kalamu ya risasi. Pembeni weka alama: M kwa mvua, B kwa bei, N kwa neno, S kwa swali.

3. Kwenye kurasa za mwisho chora majedwali mawili ya miezi kumi na miwili, moja la mvua na moja la bei. Jaza. Siku ya kwanza ya mvua iliyotosha kupandia izungushie duara. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo utakuwa na kitu cha kumwonyesha bwana shamba, naye atakusikiliza.

4. Tazama mapengo. Kila daftari lina siku zisizoandikwa. Linganisha tarehe zake na kazi za mwaka, utaona pengo refu liko wakati wa palizi, au mavuno ya pamba, au wiki ya msiba. Yaani tumenyamaza pale tulipokuwa na mengi zaidi ya kusema. Andika katika kila pengo mstari mmoja wa sababu, na tarehe ya leo. Mwaka unaokuja, kwa majuma hayo jiruhusu kuandika tarehe na neno moja tu.

5. Kusanya maswali yote ya S. Yaliyojibiwa yawekee alama. Yasiyojibiwa yahamishie ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, ili uanze mwaka ukiwa na unachokitafuta.

6. Chagua mawazo kadhaa unayoyapenda na uyasome kwa sauti nyumbani. Ninapofanya hivi watoto huanza kunisahihisha: "Siyo Scania zote, baba, ile ya kwangu ilikuwa Fuso." Andika pia masahihisho hayo.

Orodha ya kukagua kabla ya kulifunga

- Jalada lina jina lako, kijiji au mtaa, na tarehe ya kwanza na ya mwisho?
- Kurasa zote zina namba?
- Maneno ya Kisukuma yana maana yake kwa Kiswahili mwishoni, kwa ajili ya wasiokisema?
- Umepitia tena tahadhari na kuhakikisha hakuna jina linaloweza kumdhuru mtu?
- Picha za kurasa zimefika kwa ndugu wa mji mwingine, na amekuthibitishia?
- Kopo ni kavu, limewekwa juu, na kuna mtu mmoja nyumbani anayejua lilipo?
- Umemwambia mtu huyo, kwa kinywa chako, nani alisome na nani asilisome kama hutakuwapo?